Kompyuta ya Biashara na Kodi ya Mapato: Namna ya Kudai Gharama ya Vifaa Vidogo

Katika mitaa ya Mbagala, Tandika na Chamazi upande wa Temeke, na ile ya Mwananyamala, Tegeta na Bunju upande wa Kinondoni, biashara nyingi ndogo sasa zinategemea kompyuta. Mwenye steshenari hujaza fomu za wateja, huchapa barua na kutoa kopi. Mpiga picha husafisha picha za harusi. Mwenye duka la dawa hutunza hesabu ya mali iliyomo dukani. Kwa wengi wao, kompyuta na printa ndivyo vifaa vya gharama kubwa kuliko vyote vilivyomo katika chumba cha biashara.

Hata hivyo, wakati wa kuandaa hesabu za kodi unapofika, gharama ya vifaa hivyo hutendewa kwa njia mbili zilizo kinyume, na zote zina hasara. Wako wanaoiacha kabisa, wakidhani kuwa kompyuta ni mali na mali haipunguzi kodi. Hao hulipa kodi wasiyodaiwa. Wako pia wanaoiandika yote kama gharama ya mwezi, sawa na pango au umeme, bila kujali kiasi chake. Hao hupunguza faida kupita kiasi, na hesabu zikikaguliwa hudaiwa tofauti pamoja na riba. Katika somo hili tunaeleza njia iliyowekwa na Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, iliyotungwa mwaka 2004, pamoja na kanuni moja inayomnufaisha mfanyabiashara mdogo ambayo wengi hawaijui.

Kwanza: kodi yako inatozwa juu ya nini?

Kabla ya kuhesabu chochote, mfanyabiashara ajiulize kama kodi yake inatozwa juu ya mauzo au juu ya faida.

Mtu binafsi mkaazi ambaye kipato chake chote kinatokana na biashara iliyopo Tanzania, na ambaye mauzo ghafi yake kwa mwaka hayazidi ukomo uliowekwa, hutozwa kodi kwa kuangalia mauzo ghafi. Marekebisho yaliyoanza Julai 2019 yaliupandisha ukomo huo kutoka shilingi milioni 20 hadi shilingi milioni 100. Kwa mlipakodi wa namna hii, gharama za kuendesha biashara haziondolewi katika hesabu ya kodi. Akinunua kompyuta leo au asiponunua, mauzo yake yatabaki yaleyale, na kodi haitabadilika.

Sheria haimfungi mtu huyo. Anaweza kumwarifu Kamishna kwa maandishi kwamba anachagua kutozwa juu ya faida, mradi awe tayari kutunza hesabu kamili. Uamuzi huu usifanywe kwa ajili ya kompyuta moja. Ufanywe baada ya kujumlisha mauzo yote ya mwaka, kutoa gharama zote zenye vielelezo, na kulinganisha kodi ya njia zote mbili. Mwenye faida kubwa na gharama chache huenda akabaki salama zaidi katika kodi ya mauzo. Mwenye pango kubwa, wafanyakazi na vifaa vingi huenda akaona tofauti.

Kampuni, hata ikiwa ndogo, hutozwa juu ya faida. Vivyo hivyo mtu binafsi aliyevuka ukomo wa mauzo. Maelezo yanayofuata yanawahusu hao, pamoja na aliyechagua mwenyewe kutozwa juu ya faida.

Pili: gharama ya matumizi na gharama ya mtaji

Sheria inaruhusu kuondoa katika mapato gharama zilizotumika kikamilifu, na kwa ajili hiyo pekee, katika kuzalisha mapato ya biashara. Lakini inatenga gharama za mtaji. Gharama ya mtaji ni ile inayoleta manufaa kwa muda unaozidi miezi 12.

Kipimo hiki cha miezi 12 hutatua maswali mengi ya kila siku. Rimu ya karatasi huisha katika siku chache au wiki chache, kwa hiyo ni gharama ya matumizi. Wino wa printa, bando la intaneti na ada ya mwezi ya programu viko hukohuko. Vyote hivyo huondolewa chote kwa mkupuo katika mwaka vilipotumika. Kompyuta mpakato, printa na UPS hutumika kwa miaka kadhaa, kwa hiyo bei yake ni gharama ya mtaji. Haiandikwi pamoja na karatasi na wino.

Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani mlango umefungwa. Haujafungwa. Gharama ya mtaji hurudi katika hesabu kwa njia ya punguzo la uchakavu.

Tatu: punguzo la uchakavu

Jedwali la Tatu la Sheria hugawa mali za biashara katika makundi, na kila kundi lina kiwango chake cha uchakavu. Kundi la kwanza linajumuisha kompyuta na vifaa vya kushughulikia taarifa pamoja na vifaa vinavyoambatana navyo. Printa inayounganishwa na kompyuta, skana, kibodi, skrini na diski ya nje vimo humo. Kiwango cha kundi hili ni asilimia 37.5 kwa mwaka. Meza, viti na samani nyingine za ofisi zimo katika kundi la tatu, ambalo kiwango chake ni asilimia 12.5 tu.

Mali za kundi moja hazihesabiwi kimojakimoja. Huwekwa katika fungu moja, na uchakavu hukokotolewa juu ya thamani ya fungu zima. Kila mwaka tunachukua thamani iliyobaki mwaka uliopita, tunaongeza bei ya vifaa vilivyonunuliwa mwaka huu, tunatoa fedha zilizopatikana kwa kuuza vifaa vya fungu hilo, kisha tunakokotoa asilimia 37.5 ya kinachobaki. Mwaka unaofuata tunaanzia pale tulipoishia.

Kifaa kilichonunuliwa na kuanza kutumika Novemba hupata punguzo la mwaka huo sawa na kilichonunuliwa Januari, endapo mwaka wa mapato wa biashara ni mwaka kamili. Lakini kifaa kiwe kimeanza kazi. Kompyuta iliyonunuliwa Desemba ikakaa ndani ya boksi hadi Februari haijaanza kuzalisha mapato, na haistahili punguzo la mwaka ulionunuliwa.

Nne: kanuni ya shilingi milioni moja

Kama asilimia 37.5 ingekuwa ndiyo kanuni pekee, fungu dogo lingeendelea kupungua mwaka hadi mwaka bila kwisha, na mfanyabiashara angebeba katika vitabu mabaki ya kompyuta iliyokwisha kutupwa. Sheria imeliona hilo. Endapo baada ya kutoa uchakavu wa mwaka thamani ya fungu inayobaki ni chini ya shilingi 1,000,000, kiasi hicho kilichobaki nacho huondolewa chote katika mwaka huohuo.

Tuchukue mfano wa kampuni ndogo ya steshenari iliyopo Mbagala. Haikuwa na kifaa chochote cha kundi la kwanza. Mwaka huu imenunua kompyuta mpakato moja kwa shilingi 1,400,000.

Uchakavu wa asilimia 37.5 ni shilingi 525,000. Kinachobaki ni shilingi 875,000. Kwa kuwa kiasi hicho ni chini ya shilingi 1,000,000, nacho huondolewa mwaka huohuo. Jumla ya punguzo ni shilingi 1,400,000, yaani bei yote ya kompyuta, katika mwaka wa kwanza.

Sasa tuseme kampuni hiyohiyo, pamoja na kompyuta, ilinunua printa ya shilingi 600,000 na UPS ya shilingi 200,000. Fungu linakuwa shilingi 2,200,000. Uchakavu wa mwaka wa kwanza ni shilingi 825,000, na kinachobaki ni shilingi 1,375,000. Kiasi hiki hakijashuka chini ya milioni moja, kwa hiyo kinasubiri. Mwaka wa pili, kama hakuna kilichoongezwa, asilimia 37.5 ni shilingi 515,625. Kinachobaki ni shilingi 859,375, ambacho sasa kiko chini ya milioni moja na huondolewa chote. Punguzo la mwaka wa pili ni shilingi 1,375,000. Vifaa vyote vimekwisha kudaiwa ndani ya miaka miwili.

Kutokana na hesabu hizi tunapata kipimo chepesi cha kukumbuka. Ikiwa fungu zima la kundi la kwanza, pamoja na ununuzi wa mwaka huu, halifikii shilingi 1,600,000, bei yote huondolewa mwaka huohuo. Likifikia kiasi hicho au kukizidi, sehemu husubiri mwaka unaofuata. Kwa hiyo yule anayeandika kompyuta yake ndogo kama gharama yote kwa mkupuo huenda akafika kwenye jibu sahihi kwa bahati, lakini mwenzake mwenye vifaa vingi akimuiga atakuwa amekosea.

Tano: mwenye kirikuu aangalie

Kundi la kwanza halina kompyuta peke yake. Magari madogo, mabasi yenye viti chini ya 30 na magari ya mizigo yenye uwezo wa chini ya tani 7 yamo katika kundi hilohilo. Mfanyabiashara wa Tegeta mwenye kirikuu cha kusambazia bidhaa ana fungu moja la gari na kompyuta.

Tuseme thamani ya gari iliyobaki mwaka uliopita ni shilingi 6,000,000, na mwaka huu amenunua kompyuta ileile ya shilingi 1,400,000. Fungu ni shilingi 7,400,000, na uchakavu ni shilingi 2,775,000. Kinachobaki ni shilingi 4,625,000, kwa hiyo kanuni ya milioni moja haimhusu mwaka huu. Hawezi kuitoa kompyuta pembeni na kuidai yote peke yake.

Sita: risiti ina thamani gani?

Wanunuzi wengi wa Temeke na Kinondoni hufuata vifaa Kariakoo, ambako bei na aina ni nyingi. Huko, na hata katika maduka ya mitaani, baadhi ya wauzaji hutaja bei mbili: moja yenye risiti na nyingine isiyo na risiti. Tuitazame kwa hesabu.

Muuzaji anasema kompyuta ni shilingi 1,400,000 kwa risiti, au shilingi 1,300,000 bila risiti. Mnunuzi anaona amepewa punguzo la shilingi 100,000. Lakini kampuni kwa kawaida hutozwa kodi ya asilimia 30 ya faida. Punguzo la shilingi 1,400,000 katika faida hupunguza kodi kwa shilingi 420,000. Aliyenunua bila risiti hana cha kumwonesha mkaguzi, na gharama isiyo na risiti ya kielektroniki ndiyo ya kwanza kukataliwa. Ameokoa shilingi 100,000 dukani, akapoteza shilingi 420,000 katika kodi. Mtu binafsi hutozwa kwa madaraja yanayopanda hadi asilimia 30, kwa hiyo kiasi anachopoteza hutegemea daraja lake, lakini mara nyingi jibu ni lilelile.

Zaidi ya hesabu hiyo, kutodai risiti ni kosa kwa mnunuzi kama ilivyo kosa kwa muuzaji kutoitoa. Tena kifaa kikiharibika kabla ya muda wa dhamana, au kikigundulika kuwa bandia, asiye na risiti huanza kwa kushindana juu ya swali la kwanza kabisa: kilinunuliwa wapi?

Kabla ya kuondoka dukani, mnunuzi ahakikishe mambo haya:

Risiti iwe ya mashine ya kielektroniki, isiwe karatasi ya mkono wala ankara ya awali tu.

Kiasi kilichoandikwa kiwe kilekile kilicholipwa. Risiti ya shilingi 400,000 kwa kompyuta ya shilingi 1,400,000 inathibitisha shilingi 400,000 tu.

Jina la biashara na namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN, ya mnunuzi ziingizwe. Risiti isiyo na jina inaweza kuwa ya mtu yeyote.

Bidhaa itajwe kwa jina, na namba ya kifaa iandikwe katika ankara au hati ya dhamana.

Karatasi ya risiti hizi hufifia kwa joto na mwanga. Ipigwe picha au itolewe kopi siku hiyohiyo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi inataka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka 5, na karatasi ya namna hiyo haidumu muda huo.

Saba: kompyuta ya biashara isiwe ya nyumbani

Punguzo hutolewa kwa mali inayomilikiwa na kutumika kikamilifu, na kwa ajili hiyo pekee, katika kuzalisha mapato ya biashara. Kompyuta inayoshinda dukani ikichapa kazi za wateja, kisha jioni ikawa ya watoto ya kutazamia filamu, huleta swali ambalo mwenyewe atalazimika kulijibu. Ushauri wetu ni mfupi: kompyuta iliyoingizwa katika vitabu vya biashara ibaki katika kazi ya biashara. Kama familia inahitaji kompyuta, inunuliwe nyingine kwa fedha za nyumbani, na isiandikwe katika hesabu za duka.

Kwa wanaonunua kompyuta ili waziuze, somo hili haliwahusu. Kwao kompyuta hizo ni bidhaa za biashara, na gharama yake huhesabiwa pamoja na bidhaa zilizouzwa. Ile moja wanayoitumia kutunzia hesabu ndiyo inayoingia katika fungu.

Nane: matengenezo, programu, mkopo na wizi

Matengenezo ya kawaida huondolewa katika mwaka yalipofanyika. Kubadilisha betri iliyokufa au kioo kilichopasuka ni matengenezo, kwa kuwa kifaa kinarudishwa katika hali yake. Maboresho yanayokipa kifaa uwezo mpya huongezwa katika fungu.

Programu inayolipiwa kwa mwezi, au kwa muda usiozidi miezi 12, ni gharama ya matumizi. Programu iliyonunuliwa kwa matumizi ya miaka kadhaa ni mali isiyoshikika, nayo ina kundi lake ambamo gharama hugawanywa kwa miaka ya matumizi.

Aliyenunua kwa mkopo asichanganye marejesho na gharama. Bei ya kompyuta huingia katika fungu. Riba ya mkopo uliotumika katika biashara hudaiwa kama gharama ya riba. Rejesho la mtaji wa mkopo halidaiwi, kwa sababu kufanya hivyo ni kudai bei ya kompyuta mara mbili.

Kompyuta ikiuzwa, fedha zilizopatikana hutolewa katika fungu. Kama zinazidi thamani ya fungu, ziada huhesabiwa kuwa mapato. Kwa hiyo aliyekwisha kudai bei yote mwaka wa kwanza, kisha akaiuza kompyuta kwa shilingi 500,000 fungu likiwa halina kitu, atambue kuwa fedha hizo ni mapato. Kompyuta ikiibwa na bima ikalipa, fidia hutendewa kama fedha za mauzo. Ripoti ya polisi itunzwe pamoja na risiti.

Tisa: daftari la mali

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mali halihitaji programu ya gharama. Kurasa chache za daftari la kawaida zinatosha, mradi kila kifaa kiwe na mstari wake wenye tarehe ya kununua, aina na namba ya kifaa, jina la muuzaji, namba ya risiti, bei, tarehe ya kuanza kutumika, na mwisho wake: kimeuzwa, kimeibwa au kimetupwa. Kwa biashara ambayo mwaka wake unaishia Desemba, ritani ya mwaka hutakiwa ifikapo Juni 30 ya mwaka unaofuata. Makadirio ya mwaka huwasilishwa mapema, ifikapo Machi 31, na kodi hulipwa kwa awamu nne. Anayepanga kununua vifaa mwaka huo avizingatie katika makadirio, lakini asivinunue kwa sababu ya kodi tu. Kutumia shilingi 1,400,000 ili kupunguza kodi ya shilingi 420,000 kuna maana pale tu kifaa kinapohitajika.

Maswali ya kujipima

1. Mwenye saluni ya Tandika hutozwa kodi juu ya mauzo ghafi. Amenunua kompyuta ya shilingi 900,000. Je, kodi yake ya mwaka itapungua?

2. Kampuni isiyo na mali nyingine ya kundi la kwanza imenunua kompyuta ya shilingi 1,500,000 na kuanza kuitumia. Punguzo la mwaka huo ni kiasi gani?

3. Kampuni hiyohiyo imenunua pia meza ya kompyuta kwa shilingi 250,000. Je, meza hiyo huingia katika fungu la kompyuta?

Majibu: (1) Hapana, kwa kuwa gharama haziondolewi katika kodi ya mauzo. (2) Asilimia 37.5 ni shilingi 562,500. Kinachobaki ni shilingi 937,500, chini ya milioni moja, kwa hiyo punguzo ni shilingi 1,500,000 yote. (3) Hapana. Meza ni samani, nayo huingia katika kundi la tatu lenye kiwango cha asilimia 12.5.

Viwango na ukomo wa kodi hurekebishwa mara kwa mara kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Kabla ya kuwasilisha ritani, mlipakodi apite katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania ya mkoa wake wa kikodi akiwa na daftari la mali na risiti zake. Ushauri hutolewa bila malipo, na swali lililoulizwa kabla ya ritani ni jepesi kuliko lililoulizwa na mkaguzi baada yake.